Siku Nyanya Aliponihamisha Nchi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na huikumbuka zaidi mwezi wa Juni unapoelekea kwisha, vijana wanapopanga foleni kwenye vibanda vya kompyuta kule Rongo na hapa kwetu Kendu Bay ili wapeleke ritani zao za kodi. Ni siku niliyokwenda kwa nyanya yangu kumwomba anisaidie kusema uwongo mmoja mdogo. Hakunipiga. Hakunitukana. Alinikubalia tu, na hiyo ndiyo adhabu niliyopata.

Nianze nyuma kidogo. Mimi shule niliiacha mapema. Akili haikuwa mbaya, lakini nilikuwa na miguu inayowasha. Lori la mahindi lilisimama karibu na uwanja tukiwa mchezoni, nikataka kujua linakwenda wapi, na sikuona njia ya kujua ila kulipanda. Tangu hapo nimeponda mawe ya dhahabu kule Migori, nimelinda mashua za watu, nimewapikia chai wajenzi wa barabara, nimeuza viatu vya akala hadi mpakani. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Yangu niliila mapema, ikaota tena, nikaila tena.

Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilipata kazi ya kupakia miwa katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Migori. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ya kuandikwa, yaani ya kupewa kadi yenye nambari na karatasi ya mshahara. Karatasi ile iliniudhi. Palikuwa na makato ya kodi, na chini yake makato ya akiba ya uzeeni. Kodi niliielewa kidogo, maana babu yangu alitozwa kodi ya nyumba enzi za wakoloni na hadithi zake tulikua nazo. Lakini uzee? Nilikuwa nikibeba furushi la miwa begani huku nikipiga mluzi. Uzee niliuona kama ugonjwa wa watu wa kijiji kingine.

Rafiki yangu pale kiwandani alikuwa Chacha, Mkuria wa karibu na mpaka, kijana mwenye vicheko vingi na mipango mingi zaidi. Yeye hakujua Kijaluo, mimi Kikuria sikujua hata salamu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa na mashimo kama barabara ya shambani baada ya mvua. Siku hiyo ya mshahara alinikuta nimekunja uso.

"Wewe unalilia pesa ya uzee," akaniambia, "na hiyo pesa inaweza kutoka sasa hivi."

"Itatokaje na sina hata mvi moja?"

"Mtu akihama nchi kabisa, anarudishiwa yake yote. Ni sheria. Sasa wewe hama."

"Nihamie wapi?"

"Si hapo tu ng'ambo! Mjomba wangu ni balozi wa nyumba kumi upande wa Tanzania. Atakuandikia kwamba umehamia kwake, uko na shamba, uko na mke, uko na kila kitu."

"Mke nimetoa wapi?"

"Kwa karatasi, ndugu yangu! Kwa karatasi hata mimi niko na ng'ombe."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, nikaanza kufikiri. Palikuwa na duka moja mjini Migori lenye redio ya kaseti, kubwa, ya spika mbili. Kila wikendi nilipita kuitazama kama watu wanavyopita kumwona mgonjwa. Nilitaka kusikia dunia, mwanangu. Nilitaka kusikia watu wa Mwanza wanasema nini, na wa Kampala, na wa ng'ambo ya hapo. Redio ile ilikuwa imekaa pale dukani, na pesa zangu zilikuwa zimelala mahali fulani zikinisubiri niote mvi. Niliona ni ujinga.

Kilichobaki kilikuwa barua ya chifu wa kwetu kuthibitisha kwamba nimeondoka moja kwa moja. Chifu hangeandika bila mkubwa wa boma kwenda kumwambia. Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki. Baba mdogo Owuor alikuwepo, lakini mdomo wake haukuwa na kufuli. Alibaki nyanya, mama yake baba, aliyeitwa Aoko. Sisi tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya. Maneno yake chifu hakuwahi kuyapinga, na nadhani hata mchungaji aliyaogopa.

Nilimkuta ufukweni mwa ziwa amekunja gauni, anageuza omena, wale dagaa wetu, alizozianika juu ya wavu mkuukuu. Desturi yetu inamruhusu nyanya kumtania mjukuu wa kiume kwa kumwita mume, na Dani hakuwahi kuiacha desturi hiyo ipate kutu.

"Bwanangu amekuja!" akasema bila kuinuka. "Umeniletea sukari ama umeniletea njaa?"

"Nimekuletea habari, Dani. Nataka umwambie chifu kwamba nimehamia Tanzania."

Mkono wake ukasimama juu ya omena. "Umeoa huko?"

"Hapana. Sihami kweli. Ni kwa mdomo tu, nipate pesa zangu."

"Pesa za nini?"

"Za uzee."

"Ukizila sasa, uzee wako utakula nini?"

"Utanikuta nimepata zingine."

Dani akajipangusa mikono kwenye gauni, akainuka taratibu, magoti yakilia. "Sawa," akasema. "Nitamwambia chifu. Lakini mimi ni mtu wa kanisa, bwanangu, siwezi kusema jambo ambalo haliko. Basi liwe kwanza, ndipo nilitamke."

Sikuelewa. Nilimfuata tukapanda hadi nyumbani, nikidhani anaenda kuchukua kitambaa cha kichwa. Alifika langoni, akajishika kiuno, akapaza sauti yote aliyopewa na Mungu.

"Owuor! Owuor, njoo! Mtoto wa ndugu yako amehama nchi!"

Baba mdogo alitoka mbio, jembe mkononi. Nyuma yake akaja Okelo, mwanawe, aliyekuwa karibu kuoa. Mama mmoja jirani, aliyekuwa amepita kuomba moto, naye akasimama.

"Amehamia wapi?" Owuor akauliza.

"Tanzania. Kabisa. Leo ninaenda kwa chifu."

Owuor alinitazama, akatazama juu, akatazama upande wa mto. "Mungu amtangulie," akasema. Halafu, bila hata kuvuta pumzi: "Na ile shamba yake ya chini?"

"Aliyehama analima kwa mdomo?" Dani akajibu. "Chukua."

"Nitapanda mtama," Owuor akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuvuna.

Okelo naye akakohoa. Mwanangu, kijana wa Kijaluo akibalehe hujenga kibanda chake karibu na lango la baba yake. Tunakiita simba. Hicho ndicho kinachosema kwamba mtu huyu yupo, ana kwao, siku moja atatoka hapa akaanzishe boma lake. Changu kilikuwa cha nyasi na udongo, lakini mlango wake ulikuwa wa mbao ngumu, nilioununua kwa jasho langu. Cha Okelo kilikuwa na gunia mahali pa mlango, na alikuwa analeta mke.

"Dani," akasema Okelo kwa adabu, "na mlango?"

"Mtu wa Tanzania atafungua mlango wa Kendu Bay kwa mkono gani? Ng'oa."

Nilicheka kwa sauti. Nilipomaliza nikagundua kwamba nimecheka peke yangu. Okelo alikuwa ameshaleta nyundo. Msumari wa kwanza ulipiga kelele kama kuku, na yule mama jirani akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Na akifa huko?" akamuuliza Dani.

"Watamzika huko huko," Dani akasema. "Ni mtu wa huko sasa."

Unajua jinsi sisi tulivyo. Mjaluo anaweza kuishi popote duniani, lakini kuzikwa ni nyumbani. Hata Okelo alishusha nyundo kidogo. Mimi nikamgeukia Dani.

"Dani, waambie ni mchezo!"

"Mchezo gani? Si umenituma kwa chifu? Chifu ni mkubwa kuliko Owuor. Ikiwa Owuor amesikia tu na shamba imeenda, serikali ikisikia itaenda nini?"

"Sihami."

"Sema tena. Baba yako mdogo masikio yake yameingia mtama."

"Sihami!" nikapiga kelele. "Mimi ni wa hapa!"

Owuor aliweka jembe chini. "Si ungesema mapema," akanung'unika. "Mimi nilikuwa nimeshafika palizi." Watu wakaangua kicheko, hata yule mama mwenye machozi. Okelo akarudisha mlango, lakini kwa mikono ya mtu asiye na furaha. Mpaka simba ile ilipoanguka yenyewe kwa uzee, mlango huo haukuwahi tena kufunga sawasawa. Kila upepo ulipoupiga, ulinikumbusha.

Tulirudi ufukweni. Dani akanipa upande mmoja wa wavu niugeuze naye, maana kazi haikumsubiri mtu aliyetoka kuhama nchi na kurudi.

"Mashua ziko wapi leo?" akaniuliza.

"Zimelala. Mwezi ni mpevu."

Najua wewe uliyezaliwa mbali na ziwa unaweza usijue hili. Omena huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, omena zinaifuata. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na mwanga, na omena hazina haja na taa ya mtu. Basi wavuvi hukaa nyumbani hadi giza lirudi.

"Na mwezi mpevu ni mbaya?" Dani akaendelea.

"Hapana, Dani. Ni mzuri."

"Ni mzuri sana. Watoto wanacheza nje, wazee wanapiga hadithi, hata mimi huonekana msichana. Lakini hauvuliwi samaki. Hizi unazogeuza ni omena za giza, nimeziweka nizile wakati wa mwanga. Uzee ni hivyo, bwanangu. Usiuogope, ni mwezi mzuri. Ila usiufikie na chungu kitupu, ukidhani utatupa wavu."

Tukaendelea kugeuza. Kisha akasema lile neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Miguu yako siikatazi. Baba yako alikuwa hivyo, na babu yako hivyo hivyo. Tembea. Lakini usihame."

Redio sikuinunua. Nilipomweleza Chacha alinicheka juma zima, akasema nimeogopa mlango. Nikamwambia ndiyo, nimeogopa mlango. Yeye mwenyewe hakuhama vilevile, na ninavyosikia ana wajukuu wengi na ng'ombe wa kweli, si wa karatasi.

Nikaendelea kutembea. Kiwandani sikukaa, maana sukari nayo huchosha. Lakini ile kadi ya akiba niliiweka kwenye mkebe, na kila nilipoandikwa kazi niliitoa, nikasema nambari yangu ni hii, iandike. Kuna waliokuwa wakiikubali. Tajiri mmoja wa malori aliniambia kadi ni ya watu wa ofisi. Nikafanya kwake msimu mmoja, nikaenda zangu. Miaka niliyojitegemea, nikinunua omena hapa na kuziuza soko la Kosele, nilikuwa nikipita mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko wa akiba ya uzeeni kuweka kidogo, mara nyingine kidogo cha kuchekesha. Karani mmoja aliniuliza kama nimetuma mtoto dukani. Haba na haba hujaza kibaba, nikamjibu, na kibaba ni changu. Katika kutembea huko nilimwoa Risper, akazaa watoto wetu ndani ya simba ile yenye mlango mbaya, akanivumilia kuliko nilivyostahili.

Umri wa kudai ulipofika, nilikwenda nikadai. Hazikuwa pesa za kumtajirisha mtu, nisikudanganye. Zilitosha mabati, simiti na fundi asiye mlevi. Nikafanya jambo ambalo wenzangu walikwisha kulifanya zamani: nikaanzisha boma langu. Desturi inataka mtu asiende peke yake. Mkubwa wa ukoo humtangulia, mwana wa kwanza hubeba shoka, jogoo na moto huja pia, na mke. Aliyenitangulia asubuhi hiyo alikuwa baba mdogo Owuor, mzee wa mkongojo. Na tulikwenda wapi? Kwenye ile ile shamba ya chini. Alipofika katikati aligonga ardhi kwa fimbo, akageuka, akanitazama kwa jicho moja.

"Unajua wewe," akasema, "hapa umesimama juu ya mtama wangu."

Dani hakuwepo kuona. Lakini jogoo alipowika, nilisikia kicheko ninachokijua.

Sasa nina redio. Ni ndogo, inaingia mfukoni, na udadisi wangu haujazeeka hata kidogo. Wengine hupenda mpira, wengine matangazo ya vifo na matanga. Mimi hupenda takwimu za taifa. Mtangazaji akisoma ni watu wangapi wamepeleka ritani za kodi, wangapi wa mshahara, wangapi wa biashara, wangapi wameandika kwamba hawakupata kitu, na ni wangapi wanaojiwekea akiba ya uzeeni, mimi hutega sikio kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe kanisani. Tarakimu zenyewe sikutajii, kichwa changu huzichanganya. Lakini hujiuliza: wale wa sufuri ni akina nani? Wengine ni kweli, mwaka umewapita mikono mitupu, Mungu awafungulie. Na wengine?

Jibu moja lilinijia nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Achieng ni fundi cherehani kule Rongo, karibu na soko. Alikuja Jumapili akakaa hapo nje, simu mkononi, ametulia.

"Kwara, nimemaliza ritani," akasema. Kwara ni babu. "Dakika chache tu. Nimeweka sufuri."

"Mwaka mzima hukushona hata kiraka?"

"Kwara! Nimeshona sare za kwaya, nimeshona nguo za harusi mpaka vidole vikafa ganzi."

"Basi hiyo sufuri ni ya nani?"

"Ni ya kila mtu. Yule kijana wa kompyuta anawawekea wote. Anauliza tu, sufuri? Unasema, sufuri."

"Na akiba ya uzee?"

Akacheka. "Kwara, mimi niko na miaka ishirini na tatu. Uzee nitautoa wapi?"

Sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu. Nikamhadithia habari ya Dani, ya mtama na mlango. Alicheka sana nilipofika kwa Owuor. Nilipofika kwa yule mama jirani, hakucheka. Mwisho akaniuliza, "Kwani kuandika sufuri ni kuhama?"

"Wewe unaonaje?"

Aliaga mapema. Juma lililofuata alinipigia simu kuniambia amerudi kwa yule kijana akamwambia afungue tena, waandike ukweli. Kijana alimshangaa kama aliyeomba kunyolewa mara mbili. Kodi iliyotokea ilimuuma, lakini hakuuza cherehani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza: "Na ile ya uzee, mtu anaanzaje?"

Mwanangu, basi sikiliza. Mimi si mtu wa serikali, na sijasahau kwamba kodi huuma na wakati mwingine huliwa na wasioifanyia kazi. Hilo lilalamikie, tena kwa sauti. Lakini atakayelalamika ni mtu aliyepo. Ukiandika kwamba huna kitu wakati unacho, umejihamisha nchi ukiwa umekaa kwako. Watakaogawa barabara, maji na dawa watatazama hesabu zao, waone mahali ulipo pana sufuri, nao watasema kama Owuor: si amehama? Mkopo ukiutafuta kesho, sufuri yako ya jana itakutangulia mlangoni. Kama kweli hukupata, andika hukupata, hakuna aibu. Kama ulipata, andika ulichopata, hata kama ni kidogo cha kuchekesha.

Na katika hicho kidogo, tenga cha mwezi mpevu. Usingoje mshahara mkubwa, usingoje kutulia. Mimi sikutulia hata siku moja na bado nilifika. Badilisha kazi, badilisha viatu, badilisha mji, lakini nambari yako iwe moja, na uulize kama kweli waliokukata walipeleka. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini iliyosahauliwa hupotea. Na akija Chacha wako na mpango mtamu wa kuila kabla ya wakati wake, cheka naye, maana vicheko havikatwi kodi. Halafu rudi nyumbani ukautazame mlango wako.

Usiku huu mwezi umejaa. Mashua zimelala, Risper ananiita nikale omena za juma lililopita, na redio inasema jambo kuhusu Mwanza. Sina ninachoidai dunia.

Mungu akupe giza la kutosha kuvulia, mwanangu, na taa isiyozimika mapema. Akupe chungu chenye kitu ndani, na baadaye akupe mwezi mzuri wa kukaa chini yake na uwapendao. Miguu yako aibariki popote itakapokupeleka. Tembea. Lakini usihame.